Yah: Kugeuzwa Papai Mbele ya Mama Mzazi

Severini,
Mfanyabiashara wa vitunguu,
Dumila.

Kwa Binti Drashti,
Mpigapicha, Studio ya Mzee Dilip,
Morogoro Mjini.

Ndugu Mpigapicha,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika, na kichwa changu kilichomo ndani ya fremu chahusika zaidi. Mimi na wadogo zangu watatu tulikuja kwako mwaka huu kupigwa picha, kila mmoja kwa siku yake, kwa sababu kutukutanisha sote wanne siku moja ni kazi iliyomshinda hata marehemu baba. Nia ilikuwa kuziunganisha picha hizo katika fremu moja, tumpe mama yetu, Mama Cecilia wa Matombo, anapotimiza miaka themanini. Pazia lilikuwa lilelile, taa zilezile, kiti kilekile, na kwa amri yangu kila mtu alivaa shati jeupe, asije mtu akamzidi mwenzake. Ulichotupa ni watu wanne kutoka sayari nne. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Uso wangu umetoka rangi ya papai lililoiva. Mdogo wangu Ignas, anayeishi na mama, ametoka bluu, na padri alipoiona picha aliuliza ugonjwa ulimwanza lini. Catherine amekuwa wa waridi hadi masikioni. Rahel peke yake, aliyenunua shati jipya asubuhi ileile, ana rangi aliyozaliwa nayo, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuongea naye kwa amani.

2. Nilipokupigia simu ulinieleza kwa adabu kwamba kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka ionyeshwe, na wewe uliionyesha mashati yetu. Shati langu lilikuwa na bluu ya kufulia, basi kamera ikaiondoa bluu hiyo kwenye shati na usoni pia, nikabaki papai. La Ignas lilifuliwa kwa maji ya kijito wakati wa mvua, lina wekundu wa udongo, kamera ikamlipizia kwa bluu. La Catherine lilifuliwa pamoja na sweta la shule la kijani, naye akageuzwa waridi. Maelezo nimeyaelewa, ndiyo maana nimekasirika zaidi. Nani alikutuma kuchunguza ufuaji wa watu? Sasa Matombo nzima inajua yaliyomo ndani ya ndoo zetu.

Mke wangu Prisca anasemwa bure. Yeye hakuligusa shati hilo. Nililifua mwenyewe, nikalitia bluu pakiti tatu, ili mama akiitazama fremu aone kwamba kifungua mimba wake ndiye mwenye shati jeupe kuliko wote. Hilo si kosa, ni usafi.

3. Kadi ya kijivu. Ni kweli ulinipa kadi niishike kifuani kwa picha ya kwanza tu, ukasema kila mmoja wetu akiishika hiyohiyo, rangi zetu zitalingana. Ni kweli pia kwamba nilikataa. Binti, mtu mzima aliyekaa mbele ya pazia ameshika kibao kifuani ni mahabusu. Ni kweli vilevile kwamba niliwapigia simu wadogo zangu wote nikawakataza kuishika, kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupigwa picha ya polisi, isipokuwa mjomba Fidelis, naye aliachiwa. Lakini mtaalamu ni wewe. Mgonjwa akikataa sindano, daktari huita watu wamshike. Wewe ulisema sawa mzee, ukaendelea na kazi. Utii wako ndio ulioniponza.

4. Sasa lile linaloniuma. Fremu ilipofunguliwa mbele ya ukoo mimi sikuwepo, kutokana na ubovu wa barabara, ila Rahel alinisimulia yote, tena kwa furaha. Macho ya mama ni mazito siku hizi. Aliisogeza fremu karibu na pua, akawataja wenzangu mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwangu aligusa kioo, akauliza, "Na huyu mgeni ni nani?" Wakamwambia ni Severini. Akasema siye.

Hapo mjomba Fidelis, msimamizi wa mashamba ya ukoo, akapata pa kusimama. Alisema sisi Waluguru ukoo wetu unafuata mama, hivyo yeye hahangaiki na baba wa mtu yeyote, lakini mtu ambaye mama yake hamjui ni suala la kikao. Kikao ni Jumamosi, na ajenda ni kipande changu cha migomba. Migomba ningeivumilia. Swali la mama limenikosesha usingizi, na nina umri wa miaka hamsini na nane.

Kwa hiyo naomba:

(a) Uso wangu urudishiwe rangi yake ya maji ya kunde kabla ya Jumamosi.

(b) Ikishindikana, unipe hati yenye mhuri wa studio, kwamba mlalamikaji alipoingia hakuwa papai.

(c) Ikishindikana, wote wafanywe papai. Hasa Rahel.

(d) Hilo nalo likishindikana, uje Matombo na taa zako umpige mama mwenyewe picha ya papai, awekwe katikati ya fremu, ukoo ujue rangi hii nimeirithi kwa nani.

Nisalimie mzee Dilip, mwambie shikamoo. Nisalimie pia mama Taramati wa mapokezi, na wateja wote niliowakuta kwenye benchi, wale walionitazama nilipokuwa nakataa kadi.

Ni mimi, ninayesubiri rangi yangu,
Severini.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Ignas amenipigia simu. Alimuuliza mama imekuwaje akamtambua yeye, aliye bluu kama wino, akashindwa kunitambua mimi. Mama akamjibu kwamba rangi hakuzitazama, macho yake yalikwisha kuachana na rangi tangu mwaka juzi. Alisema tu kwamba Severini wake hana mvi.

Mara ya mwisho nilipokwenda Matombo ni miaka saba iliyopita, na ni kweli sikuwa nazo. Picha iache kama ilivyo, Binti Drashti. Ijumaa napanda kwa mama, na barabara ni ileile.