Waya wa Karakana Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Uamuzi mkubwa! Stoo ya nyuma inakuwa karakana. Msumeno wa umeme ninao, randa ya umeme ninayo, kinachokosekana ni umeme wenyewe. Fundi umeme bora ninayemjua ni shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Tangu tulipomzika dada yake hajakanyaga hapa. Nimpigie simu? Thubutu! Atadhani namlilia. Mpango: nitafunga nyaya mwenyewe, kazi safi, sifa zimfikie huko aliko. Atakuja kuhakikisha kwa macho yake. Nami nitajifanya nimeshtuka kumwona.

Jumanne, 4 Machi
Duka la vifaa vya umeme. Nikaomba waya. Mama muuzaji akauliza waya wa nini. Mashine gani? Kutoka swichi kuu hadi karakana ni mbali? Akanieleza taratibu: taa, milimita moja na nusu inatosha, soketi za kawaida, mbili na nusu, msumeno mkubwa kama wangu, nne, tena uwe na laini yake peke yake, na waya wa ardhi usisahaulike. Kisha akauliza nani atanishikia ngazi. Siku nyingi sijaulizwa maswali na mtu anayesubiri jibu. Nikanunua mita moja tu. Ujanja! Kesho nina sababu ya kurudi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Dukani nimemkuta jirani yangu, tunayemwita Mjuaji. Kabla muuzaji hajafungua mdomo, yeye kadakia: msumeno ni milimita nne, hakuna mjadala. Ningefanyaje? Nikikubali, mtaa mzima utaambiwa karakana ni kazi yake. Nikachukua rola nzima ya moja na nusu. Muuzaji akasema huo ni wa taa. Nikasema najua. Akanifungia mzigo. Hakuniuliza tena swali hata moja.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe kupitisha waya kunataka watu wawili: mmoja avute, mwingine asukume. Nimefunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Kitasa kikang'oka. Nimeugombeza mlango. Halafu nikauomba radhi, maana leo ndio niliokuwa nao kazini. Alasiri taa ikawaka! Nikaita kwa nguvu, "Njoo uone!" Nikabaki nimesimama na bisibisi mkononi. Ni mazoea tu.

Jumamosi, 8 Machi
Msumeno uliingia kwenye ubao kama unakata sabuni. Kisha harufu. Waya ukachemka, ganda likayeyuka, ukuta ukawa mweusi hadi darini. Breka haikukata, nilikuwa nimeweka kubwa kuliko zote, ili isinisumbue. Mimi? Nimeduwaa tu, natazama moshi. Mjuaji ndiye aliyeruka ukuta akazima swichi kuu. Hata hakusema "nilikuambia". Akauliza kama nimeungua, akaniketisha juu ya ndoo, akampigia shemeji. Nimemchukia maradufu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amekuja. Alipita sebuleni, akatazama upande aliokuwa akikaa dada yake, akaenda moja kwa moja nyuma. Akang'oa waya wangu wote. Halafu:
"Shemeji, mbona hukuniita?"
Nikasema najua ana kazi nyingi.
"Kazi gani? Nilikuwa naogopa kuja. Nilidhani ukiniona mimi utamwona yeye."
Kweli wanafanana, hasa akikunja uso. Sikumwambia. Nikamuuliza ataanzia laini ipi. Akapitisha waya wa milimita nne wa msumeno, kisha wa mbili na nusu wa soketi. Yeye anavuta, mimi nasukuma. Tumekula pamoja, sahani mbili mezani. Mlangoni akasema nimpigie wakati wowote, hata kwa salamu tu.

Jumatano, 12 Machi
Karakana inafanya kazi vizuri mno. Hakuna kinachoharibika. Simu iko mezani, nami naitazama. Nimpigie kwa salamu tu? Mtu mzima hampigii mtu mzima bila shida ya maana! Mpango mpya: nimelegeza nati ya bomba chini ya sinki. Kidogo tu. Ikachomoka yote. Maji yalipofika sebuleni nikashika simu, ndipo nikakumbuka: shemeji ni fundi wa umeme. Mabomba hayajui kabisa. Nikampigia fundi bomba, simjui hanijui. Akasema yuko njiani, ila mtu mmoja akafunge koki ya nje na mwingine aendelee kubana bomba kwa kitambaa. Akauliza hapa tuko wangapi.
Nikamwambia tuko wengi.