Jina Langu Mwisho wa Filamu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiteua mwenyekiti wa sherehe ya Shemeji. Kamati nzima ni mimi, kwa hiyo nimepita bila kupingwa. Shemeji, mdogo wa mke wangu, hupiga picha na filamu za watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Huogelea nao humo humo, kamera ikiwa ndani ya kasha lisiloingiza maji. Jumamosi tunaonyesha filamu yake mpya ukumbini. Nimeionja leo, ingawa tukio la mwisho bado halijapigwa. Jamani! Kuna wimbi kalipiga kwa ndani, kijani kibichi, jua linapenya. Nilibana pumzi hadi mke wangu akanifinya.

Lakini mwishoni yanapita majina ya waliosaidia. Muuza Mbao yumo! Yule mwenye duka la mbao hizo za mawimbi, anayejisifu kwa kila mteja. Mimi simo. Lazima niwemo kabla ya Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Nimembebea Shemeji mikoba hadi ufukweni. Kesho atapiga tukio la mwisho: nesi mstaafu, ambaye msimu mzima kazi yake imekuwa kuanguka, atajaribu tena kusimama juu ya ubao. Leo walikuwa wakijiandaa.

Nimeona aibu. Kabla ya kuingia majini, Shemeji alikilamba kioo cha kasha. Akakilamba! Msanii mzima! Nikatazama pembeni kwa heshima. Muuza Mbao akasema wapiga picha wote wa majini hufanya hivyo. Wivu tu. Njia yangu nimeshaiona.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji akinywa chai, nilikipaka kioo dawa ya kung'arishia meza. Nikasugua hadi nikaona meno yangu. Kufika ufukweni akakilamba vilevile, akakunja uso, akauliza mbona kina ladha ya kabati. Kabla sijajibu, nesi akaita kwamba wimbi lake linakuja. Shemeji akajitosa.

Nesi akasimama! Kweli kabisa! Tuliruka ufukwe mzima. Nikamkumbatia Muuza Mbao, kisha nikakumbuka ni nani, nikamwachia.

Baadaye Shemeji akatazama alichopiga. Matone. Matone matupu kwenye kioo. Akanieleza taratibu kwamba mate hufanya maji yatandae yakaondoka, na mafuta huyafanya yajikusanye. Halafu akaniuliza, "Shemeji, unajua yule mama amekunywa bahari kiasi gani ili asimame mara moja?"

Moyo uliniuma, sifichi. Mke wangu hasemi nami. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umefurika. Nilikaa karibu na mlango, tayari kutoroka. Watu walishangilia kila wimbi, na mimi nikajisahau nikashangilia kuwazidi. Kisha ukafika mwisho. Matone yangu, skrini nzima! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini nyuma ya matone kulikuwa na doa jekundu, vazi la nesi. Likajikunja. Likatetemeka. Likainuka, likasimama! Kicheko chake kikaujaza ukumbi, na sote tukasimama naye. Nesi mwenyewe alikuwa akifuta machozi. Akasema, "Hivyo hivyo ndivyo nilivyoona siku ile, chumvi imenijaa machoni." Shemeji akamshika mkono, naye analia. Mimi nililia kuwashinda wote wawili.

Kisha majina. Muuza Mbao, katikati ya kundi, kwa herufi ndogo. Halafu, peke yake kwenye skrini nyeusi: "Ukungu: Shemeji."

Nimo!

Jumapili, 9 Machi

Nimewaambia majirani wote, na wa mtaa wa pili. Muuza Mbao anadai yale maneno yalikuwa kunisuta. Masikini, roho inamuuma.

Shemeji amealikwa kupiga filamu nyingine, kubwa zaidi. Ameshukuru, kisha amelifungia kasha kabatini na ufunguo kampa mke wangu. Nadhani wanaogopa wezi. Kwa bahati nzuri lenzi zake nyingine zilibaki mezani. Nimezipaka zote, tabaka mbili mbili.