Vihisi Vilivyonyamaza na Nadhiri Niliyomwekea Mwenye Ardhi

Jumatatu, 10 Juni
Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, utakachokisoma usimwambie mtu. Ijumaa muda wangu wa majaribio unaisha na mkataba bado sijapewa.

Mimi ni karani wa kupima bodi za kielektroniki za mashine za kuangulia vifaranga vya bata, hapa Nakhon Pathom. Kazi yangu ni kubonyeza na kuandika. Basi! Leo nimefungua mipangilio. Vihisi vyote vya joto huzungumza na chipu kwa zamu, kupitia nyaya mbili zilezile. Nikaongeza kasi ya mazungumzo hayo mara nne ili nimalize kabla ya Krit, mwenzangu anayelehemu bodi. Vikanyamaza. Vyote!

Nikamwambia mkuu wetu, Dada Orathai, kwamba huenda Krit amelehemu vibaya. Krit akajibu kwamba huenda bodi imezirai kwa marashi yangu.

Jumanne, 11 Juni
Nimerudisha kasi ya zamani kwa siri. Bado kimya. Dada Orathai anapima waya kwa waya, hajala. Mzigo unatakiwa Ijumaa.

Nikapeleka sadaka ya soda nyekundu kwenye kijumba cha mwenye ardhi, yule mzimu anayelinda kiwanja chetu, nyuma ya maegesho. Nikaweka nadhiri: vihisi vikisema, nitamchezea ngoma, na taji kichwani, na kucha ndefu za shaba. Kwa nini sikuahidi mayai ya kuchemsha kama watu wengine? Hofu.

Jumatano, 12 Juni
Krit amechomoa umeme wa bodi ili achemshe maji ya tambi. Alipourudisha, vihisi vyote vikasema! Kumbe kimoja kiliganda katikati ya neno, kikaushikilia waya, na hakiachii mpaka umeme ukatwe. Krit anapongezwa. Kwa tambi!

Alhamisi, 13 Juni
Namwogopa mwenye ardhi kuliko mkuu. Nikafika mapema na taji la kukodi, nikacheza. Kugeuka, Dada Orathai anaegesha pikipiki, Krit nyuma yake.

Hapa mtu hachezi mbele ya kijumba bure. Ameomba, akapewa. Dada akauliza niliomba nini. Nikasema goti la bibi. Krit akataka kujua kama goti hilo lilipona jana, maji ya tambi yalipochemka.

"Mdogo wangu," Dada Orathai akasema, "uligusa nini?"

Nikasema yote. Kisha nikavua kucha, moja moja.

Ijumaa, 14 Juni
Mzigo umeondoka. Mkataba sikupata, lakini sikufukuzwa: nitaendelea na majaribio, na mipangilio nisiikaribie. Nimeapa. Krit anasema hajawahi kuona mtu akijishitaki kwa kiuno.

Jioni zimeletwa bodi mpya. Nyingi! Mara nne ilikuwa tamaa, nakiri. Lakini mara mbili? Mara mbili ni adabu. Kijumbani nimeshapita, na safari hii nimeahidi mayai.

Ukinihitaji, usipige simu ya ofisini. Weka kijumbani soda nyekundu yenye mirija miwili, nitajua ni wewe. Krit asikuone. Taji bado sijalirudisha.