Kipimajoto Kimesema Sina Neno

Jumatatu, 8 Juni
Kifua kimenibana nikiwa kwenye cherehani, nashona barakoa za kanisa. Kama mtu amekikalia. Mkono wa kushoto ganzi, jasho tele. Nikachukua kipimajoto cha kanisani, ambacho mchungaji alinikabidhi mimi, mbele ya watu, nikakielekeza kifuani. Nyuzi 36.2. Asante Mungu, ni gesi tu.

Wifi kaja kuazima uzi, akaniona. Eti, “Wifi yangu, huo ni moyo, twende hospitali sasa hivi.” Huyuhuyu aliyenuna wiki mbili kwa kukosa kipimajoto! Nilazwe, Jumapili asimame mlangoni yeye, awapime watu kwa madaha. Atangoja sana.

Jumanne, 9 Juni
Kutoka chumbani hadi jikoni nimepumzika mara mbili. Kifua 36.1. Kimeshuka, basi napona. Baba watoto anataka kuita gari. Nimemwambia hospitali ndiko korona iliko, kama anataka kuoa tena aseme. Akarudisha simu mfukoni. Nimemwombea.

Wifi kapiga simu mara tatu. Ya tatu nikapokea huku naimba, asikie pumzi ninayo. Ubeti wa pili ukanishinda. Nikakata, nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 11 Juni
Nimeanguka juu ya barakoa arobaini. Kanibeba baba watoto, wifi kashika miguu. Hakunisema hata neno. Dharau gani hiyo?

Ijumaa, 12 Juni
Wodini. Daktari kauliza maumivu yalianza lini. Nikasema jana. Baba watoto akasema Jumatatu. Msaliti. Daktari kasema ningewahi, mshipa ungezibuliwa. Sasa sehemu ya moyo imekufa, iliyobaki inasukuma damu kwa taabu. Miguu ikivimba au pumzi ikikatika, niseme papo hapo. Nikamuuliza joto langu. Kawaida, akasema. Sasa?

Jumapili, 14 Juni
Baba watoto kaleta habari za kanisani: wifi kasimama mlangoni. Kisha kaniombea hadharani, watu wakalia. Mungu amsamehe, mimi bado.

Jumatatu, 15 Juni
Nikiwa mzima kesho naruhusiwa, na Jumapili mlango ni wangu. Ila tangu asubuhi miguu imejaa, ndala haziingii. Wifi kanitumia kipimajoto kwenye mfuko wa matunda, bila kuombwa, eti kinifariji. Mguu wa kulia 36.3. Wa kushoto 36.3.

Nesi kapita kuuliza hali. Nikavuta shuka, nikamwambia sina neno.