Ukuta wa Mama Pelagia

Redio ndiyo iliyoanza. Nilikuwa nimeipasua tumbo mezani kwangu, hapa kijiweni nyuma ya soko la Kasulu, na mimi redio ninayoitengeneza siizimi mpaka iseme yenyewe kwamba imepona. Ikapona katikati ya taarifa ya habari.

Mbunifu mmoja wa mavazi wa Dar es Salaam, mtangazaji akasema, amerejea nchini baada ya kuzunguka Ulaya na Asia miezi miwili akitafuta msukumo wa kazi zake. Wazo la gauni lake jipya amelipata huko huko ughaibuni, kwenye duka la uwanja wa ndege, alipoona kikapu chenye mistari ya zigizaga nyeusi na kahawia, kilichosukwa Afrika Mashariki.

Khatibu akasimamisha dele la kahawa hewani. Khatibu ni mtu wa Ujiji, anauza kahawa hapa tangu hatujawa na lami, na akishikilia dele hewani ujue kuna mtu atasemwa.

"Kikapu," akasema. "Amepanda ndege kwenda kuona kikapu."

"Tena cha Nyakitonto hapo jirani, kwa maelezo hayo," nikasema mimi. "Ernesta muuza maharage anavyo thelathini pale sokoni, kavijaza maharage yake."

"Si angepanda basi tu! Angefika Jumanne, Jumatano ana gauni."

"Cheka, Khatibu, cheka," akadakia Venanti. "Lakini umesikia. Mimi nimesema wiki nzima hapa, mkaniona chizi. Sasa imesema redio. Mbunifu lazima asafiri!"

Venanti tunamwita Brashi. Ni mchoraji wa kuta na mabango, na siku hiyo alikuwa na haki ya kupiga kelele. Mama Pelagia alikuwa anafungua hoteli yake mpya ya chakula Jumamosi, karibu na stendi. Alimpa Brashi ukuta wote wa mbele, mweupe, mita saba kwa tatu, akamwambia anataka kitu ambacho Kasulu haijawahi kukiona. Siku tatu Brashi alikuwa hajaweka hata nukta. Na Mama Pelagia alishasema: leo ikifika saa sita bila wazo, ukuta unavalishwa turubai la kuchapa kwa kompyuta, kazi ya Nickson wa Kibondo.

"Nipelekeni hata Bujumbura," Brashi akasema. "Hata Bukoba. Hapa nimekauka, jamani. Kila ninachokiona nimeshakiona."

"Safari ulishakwenda," Khatibu akamkumbusha. "Dar, wiki mbili, kwa shangazi yako. Ulituletea nini?"

Brashi akajifanya anabandua rangi kwenye kucha.

"Sema. Ulituletea nini?"

"Bahari," akasema Brashi, kwa sauti ndogo.

"Uliiweka wapi?"

"Yale mawimbi ni kazi ya kiwango, Khatibu."

"Uliyaweka kwenye bucha ya Longinus! Mtu anauza ng'ombe, umemchorea mawimbi mpaka dirishani! Juzi mama wa Kitanga kasimama pale kauliza sangara. Kaambiwa hakuna sangara, kauliza dagaa. Kaambiwa hapa ni nyama, kakasirika, kasema basi kwa nini mnatudanganya."

Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka.

"Mimi bahari naisamehe," akasema Mwalimu Lusajo, akifuta miwani. Ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Tukuyu, serikali imemleta kwetu mwaka wa sita sasa, na kwa sababu hatembei bila ramani tunamwita Ramani. "Anayenisumbua ni yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa saluni."

Hapo hata mimi nilimwonea Brashi huruma. Zamani sana alinakili sura ya dada mmoja kwenye boksi la dawa ya nywele. Ikapendwa. Basi tangu siku hiyo, kuanzia Kabanga mpaka Kibondo, kila saluni ina dada yule yule, kichwa kimelala kushoto, meno thelathini na mawili.

"Shemeji yangu alinitembelea mwezi uliopita," Mwalimu akaendelea. "Tumepita saluni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akanishika mkono, akaniuliza, huyu mama anagombea nini?"

"Na kwa mabango yale angeshinda!" Khatibu akapiga paja.

"Haya, nicheke na mimi," akasema Brashi, lakini hakucheka. "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie hawa. Safari inaleta wazo au haileti?"

"Inaleta. Ila haikuletei unachokwenda kukiona." Mwalimu akavaa miwani. "Mimi nimezaliwa kwenye mvua. Tukuyu inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Miaka ishirini na sita sikuwahi kuitazama, kazi yangu ilikuwa kuikimbia tu. Nikapangiwa Kasulu. Kiangazi cha kwanza hapa, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, nikaikumbuka mvua ile nikatamani kulia. Nilikaa nikamwandikia mama yangu barua ya kurasa nne, mvua tupu."

"Akasemaje?"

"Alinipigia simu kuuliza kama naumwa."

"Kwa hiyo yule wa redioni yuko sahihi," Brashi akashika hapo hapo. "Angepita Nyakitonto angeona maharage. Kikapu kakionea mbali!"

"Papa Futi, wewe ndiye msafiri wetu," Khatibu akamgeukia Floribert. "Hebu amua."

Floribert ni fundi cherehani, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Akija siku za soko hukaa nasi, futikamba shingoni, na shati alilojishonea mwenyewe ambalo watu wa benki humsimamisha njiani wakiuliza limetoka nchi gani.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilisafiri, ndiyo. Siku kumi na moja na miguu, tunajificha mu pori, kutoka Fizi mpaka ku ziwa. Inspirasio sikuona, mon frère, ndugu yangu. Niliona malengelenge. Mutu akikukimbiza na bunduki, hauangaliake rangi ya maua."

Tukanywa kahawa kidogo.

"Lakini hiyo kola," Brashi akasema, akimsogelea. "Hiyo kola uliitoa wapi? Usinifiche."

"Hii? Ku foleni ya unga, mu kambi. Mama moja alifunga mutoto mu mugongo na gunia, kamba inapita hapa, inarudia hapa. Nikasema, tiens, kumbe hii ni kola. Nikapoteza nafasi yangu mu foleni sababu ya kumufuata nyuma nione vile anafunga. Alizani niko mwizi."

"Sasa na mimi nikapange foleni ya unga?"

"Hapana. Uangalie tu."

"Naangalia!" Brashi akasimama. "Siku tatu nimekaa kwenye ndoo mbele ya ule ukuta, naangalia! Nauangalia, unaniangalia!"

"Nani kapepesa wa kwanza?" akauliza Khatibu.

"Chora sahani ya wali," nikamwambia, maana muda ulikuwa unakwenda. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Kila hoteli ina sahani ya wali."

"Chora ramani ya mkoa," akasema Mwalimu.

"Watu waje kula au kufanya mtihani?"

"Chora dele."

"Khatibu, tangazo lako lipie mwenyewe."

"Basi mrudishe yule dada wa boksi, mpe mwiko," akasema Khatibu, na tukaangua kicheko wote isipokuwa Brashi. Alikuwa amekaa tena, mikono katikati ya magoti.

"Mnajua," akasema polepole, "ukuta huu ukivaa turubai, kesho na bucha itataka turubai. Saluni zitafuata. Hata dada wa boksi, Nickson atamchapa kwa kompyuta mia kwa siku moja, tena meno meupe kuliko yangu. Nina miaka kumi na tisa kwenye hii kazi. Sijui kushika kingine."

Khatibu akammiminia kikombe bila kuulizwa.

Ndipo tukamwona Mama Pelagia. Alikuwa anakuja kutokea upande wa stendi, kitenge kimekazwa kiunoni, simu iko wazi mkononi, na Nickson wa Kibondo yumo ndani ya simu anasema haloo, haloo. Hasira ya mama yule ilifika kijiweni kabla yake. Brashi akajikunyata.

Lakini Mama Pelagia ni mtoto wa Buha, nchi ya Waha, amelelewa akaleleka. Huwezi kuja kumgombeza mtu mmoja kati ya watu watano ukaacha kuwasalimu wanne, na salamu ya Buha haifupishwi. Akaanza na Khatibu. Akakunja goti kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimebonyea.

"Mwakeye, baba."

"Mwakeye, mama."

Nyumbani? Wazima. Mke na kile kikohozi? Kimepungua. Ujiji hawajambo? Hawajambo. Makofi. Akaja kwangu. Mwakeye. Watoto? Wapo. Yule wa Kabanga amejifungua? Amejifungua, wa kike. Makofi, furaha kidogo, makofi tena. Akaenda kwa Mwalimu, ambaye kwa miaka sita amejifunza kupiga makofi yetu lakini bado huchelewa pigo moja. Akaenda kwa Floribert, wakainamiana vizuri kabisa. Na muda wote huo anasalimia huku amenuna, midomo imebana, macho yamemtoka kumtafuta Brashi, na simu iliyobanwa kwapani inasema haloo, mama, haloo.

Akamfikia. Akakunja goti. Akapiga makofi.

"Mwakeye, Venanti."

Makofi ya kuitikia hayakuja.

Tukageuka. Brashi alikuwa amechukua kipande cha mkaa kutoka jiko la Khatibu, amelaza boksi langu la televisheni magotini, anachora. Hakunyanyua hata kichwa.

Kuchelewesha ukuta ni kosa. Kutoitikia salamu, kwetu, ni kosa la kuitishiwa wazee.

"Hujibu salamu, wewe?" akasema Mama Pelagia.

"Rudia mikono, mama."

"Nini?"

"Mikono. Ulivyomsalimia Mwalimu. Rudia, halafu ishia kabla haijagusana."

Nadhani ni mshangao tu uliomfanya arudie. Akakunja goti, akainua mikono, akaisimamisha hapo. Mwalimu naye kwa heshima akainua yake, kwa mara ya kwanza wakaenda pamoja. Mkaa ukakwaruza. Brashi alikuwa analamba vumbi jeusi mdomoni bila kujua.

Akaligeuza boksi tuone.

Tulikuwa sisi, tumepangwa mstari, magoti yamekunjwa kidogo, mikono yote iko wazi, makofi hayajapigwa bado. Katikati alikuwepo mwanamke, naye hakuwa dada wa boksi.

Mama Pelagia akalitazama muda mrefu.

"Huyu mimi?"

"Wewe."

"Mbona nimenuna?"

"Ulikuwa umenuna."

"Lakini nasalimia."

"Lakini unasalimia."

Akatazama tena. "Mtu akipita pale, itabidi aitikie," akasema, kama anajisemea.

"Na akishaitikia?" Khatibu akauliza.

"Nitatoka nimuulize watoto. Akimaliza watoto, nimuulize shamba. Hajafika kwenye mbuzi, chai imeshamiminwa."

Akaitoa simu kwapani. "Nickson, baba, mwakeye! Nyumbani? Kibondo mmepata mvua? Tunashukuru. Mama mzima? Haya, turubai basi, mwanangu. Ndiyo. Basi."

Brashi akainamisha uso juu ya boksi. Alipouinua ulikuwa na mkaa wote, na mistari miwili imepita kwenye mkaa ikishuka. Tukajifanya hatujaona, tukaanza fujo.

"Tumbo hilo si langu," akasema Khatibu. "Punguza."

"Nimelichora lilivyo."

"Kwa hiyo yule dada ulimpa meno yote, mimi unanipa tumbo?"

"Mimi naomba viatu," akasema Mwalimu. "Wanafunzi wangu watapita pale, umenivalisha kandambili."

"Umezivaa, Mwalimu."

"Venanti," akasema Floribert. Alikuwa amesimama, anakusanya mkasi na vitambaa vyake kwenye mfuko. "Miye uniondoe."

"Nikuondoe? Kwa nini? Umekaa vizuri kuliko wote!"

"Kibali changu cha kukaa inje ya kambi ni cha siku mbili. Kinaisha leo, saa kumi na mbili. Ukinibandika pale ku ukuta, askari wakipita kesho watanikuta bado niko mu Kasulu. Na kesho kutwa pia. Na mwaka kesho."

Tulicheka. Khatibu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikaanza kuisha, mmoja mmoja, kwa sababu Floribert alikuwa bado anafunga mfuko wake, na gari la kurudi upande wa kambi lilikuwa linapiga honi stendi.

"Siwezi kukutoa," Brashi akasema. "Mikono ya Mwalimu inaitikiwa na ya kwako. Nikikutoa, Mwalimu anaisalimia hewa."

Floribert akaliangalia boksi, akajiangalia pale kwenye mkaa, goti limekunjwa, mikono wazi. Akajinyoosha kola.

"Basi unichore na kibali. Kichungulie hapa, mu mufuko ya shati, kila mutu aone."

"Sawa. Na tarehe?"

"Ile ya kuingia mu Kasulu, weka ya jana." Akatupia mfuko begani, akaanza kutembea, kisha akageuka. "Ukifika ku ile ya kutoka, useme rangi imekwisha."