Namba Moja Hataki Kupisha

Mheshimiwa Rais wa Klabu ya Valdecuervo,

Kwanza pole kwa mabao manne tuliyofungwa Jumapili. Mimi ni Hilario Cenzano, mwanachama namba mbili, na malalamiko yangu yanamhusu namba moja, mzee Eutimio.

1. Hafi. Desturi yetu unaijua: mwanachama akifariki, tulio nyuma yake tunasogea nafasi moja. Nimesogea hivyo maisha yangu yote, kwa adabu, bila kukosa mazishi hata moja. Tangu nifike namba mbili, foleni imekwama. Mzee amekula chumvi nyingi. Madaktari wake wawili wameshatangulia mbele ya haki, naye bado anabangua mbegu za alizeti uwanjani na maganda yananiangukia viatuni.

2. Anapotosha historia. Anawaambia watoto kwamba jezi yetu ni ya zambarau kwa sababu mama mmoja alizifua jezi nyeupe pamoja na joho la padri. Uongo mtupu. Waasisi walimwagikiwa na pipa la divai, na hilo ndilo linalotutofautisha na wale wa ng'ambo ya mto, wanywa bia. Klabu iliyozaliwa kwenye beseni la kufulia itaheshimiwa na nani?

3. Hili linaniuma zaidi. Analala mpira ukianza tu, kisha ananiuliza mimi matokeo. Nami namjibu, kila wiki, kama karani wake.

Kwa hiyo naomba unamba moja uwe na muhula, kama urais wako. Akikataa, apelekwe ng'ambo ya mto kwa mkopo, kama mlivyomfanyia yule mshambuliaji mvivu. Ikishindikana, wanachama wote tufanye mtihani wa historia. Nitausahihisha mwenyewe.

Wasalimie nyumbani, msalimie binti wa tiketi, na hata kocha, ingawa hastahili.

Wako katika zambarau ya divai,
Hilario Cenzano, Namba 2

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, bintiye mzee, Nieves, aliniita hospitali. Baba yake alifumbua macho akaniuliza, "Mbili, tumeshinda?" Nikamwambia tumeshinda moja bila. Ukienda kumwona, tafadhali usiniumbue. Namba yake msiiguse, mimi hii yangu nimeshaizoea. Na kuhusu jezi, yule mama mmoja alikuwa mama yangu. Miaka yote hii mzee hajamtaja jina.