Upawa wa Bibi na Ratili Mia Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Theluji bado inafika dirishani, ila mchana inalainika. Miti ya mepo itaanza kutoa maji yake matamu wiki hii, yale tunayoyachemsha yawe shira na sukari. Bi Harriet Colby alifariki Januari, na upawa wake unaning'inia msumarini ukumbini. Miaka thelathini ndiye aliyemwaga shira ya kwanza juu ya theluji kwenye karamu yetu ya Machi. Kabla yake alikuwa bibi yangu. Nilikuwa na miaka saba alipoizungusha shira kwenye sahani yangu, ikaganda, akaniambia nile polepole maana mwaka ni mrefu. Sijala tena kitu kitamu namna ile. Sasa nina miaka sitini na minane na ninautaka upawa ule.

Kamati ya karamu imesema upawa utakwenda kwa ukoo uliochemsha sukari nyingi zaidi zamani. Thelma Wadleigh, jirani yangu, ameshapiga pasi aproni. Haya, tutaona.

Jumatano, 5 Machi
Maktaba. Nimeomba sensa ya mashamba ya mwaka 1850. Zamani karani alipita nyumba hadi nyumba akiandika kila kitu: ng'ombe, maksai, siagi, viazi, sukari ya mepo. Karatasi pana kama kitambaa cha meza. Majina yako kushoto kabisa, sukari iko kulia kabisa. Bi Corliss wa maktaba akaniletea rula, akasema niiweke chini ya mstari nisije nikapotea njiani. Nikamwambia macho haya yalikuwa yanasoma kabla yeye hajazaliwa.

Asahel Batchelder, babu wa babu yangu: sukari ya mepo, ratili mia tisa! Jonas Wadleigh, mstari wa chini yake: patupu. Hata ratili moja! Nusura nicheze mle mle maktabani.

Asahel ameandikiwa pia kondoo mia na arobaini. Ajabu kidogo. Bibi alizoea kusema shamba letu halikuwahi kuzaa kitu ila mawe. Alikuwa mnyenyekevu, marehemu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebandika nakala ya ile karatasi dukani, mstari wangu nimeukoleza wino mwekundu. Watu wananipigapiga begani. Kamati imenipigia simu: upawa ni wangu. Nilimpa Thelma pole, kwa upole kabisa, nikamwambia si kosa lake kuzaliwa kwenye ukoo wa wavivu. Hakukasirika. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, akanunua hamira yake akaenda zake. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefanya mazoezi ya kumwaga uani kwa chai ya moto. Theluji imetoboka hadi kwenye majani. Nadhani shira itakuwa na adabu zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Donati, achari ya matango, masinia ya theluji safi. Nimevaa tai. Nimeshika upawa, mpini wake umechakaa pale pale alipokuwa akiweka kidole gumba Bibi. Nilitulia moyo. Ndipo Thelma akasimama na ile nakala ya dukani, na rula ya Bi Corliss. Akaomba radhi kwa kuchelewesha chakula. Akaitandaza karatasi mezani, akaiweka rula chini ya jina la Asahel, akaifuata taratibu mpaka mwisho. Akasema jicho langu mimi, Elwin, lilishuka mstari mmoja katikati ya safari, likahamia kwa majirani. Asahel: ng'ombe mmoja, nguruwe mmoja, viazi kidogo. Sukari, patupu. Zile ratili mia tisa ni za Jonas Wadleigh, pamoja na kondoo wote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikamkabidhi upawa mwenyewe.

Nikawa natafuta koti langu, Thelma akaniita mbele ya watu wote. Akasema wewe Elwin, koti la nini, njoo na sahani. Akasema shira yake ya kwanza maishani alimwagiwa na bibi yangu, na alikaripiwa vilevile ale polepole, kwa hiyo ya kwanza mwaka huu ni yangu. Akaizungusha. Ikaganda. Ilikuwa ladha ile ile, na kwa dakika nzima Bibi alikuwa hai. Nililia. Nikasingizia achari.

Jumapili, 16 Machi
Thelma ni mwanamke mwema na nimemkosea. Hilo nimelikubali kwa moyo mmoja.

Nimeitazama tena nakala wakati wa kifungua kinywa, kwa unyenyekevu, nijifunze. Nimefuata mstari wa Asahel kwa kidole. Safu mbili tu baada ya sukari, asali: ratili mia mbili! Kijijini hakuna mwenye karamu ya asali. Ni kweli Bibi alikuwa akimwona nyuki anakimbilia ndani na kufunga mlango, lakini nimeshasema, alikuwa mnyenyekevu.

Nimeiandikia kamati barua: karamu ya asali, Agosti, upawa ninao wa kwangu. Bi Corliss kasikia, kapiga simu kuuliza kama aniletee rula. Nimemshukuru. Nimemwambia safari hii nimetumia kidole.